Waya Mwekundu

Helvi dada,
ulipoolewa na miaka yako sitini na minane
sikusema neno. Nilikula keki, nikapiga makofi.
Lakini kubeba mashine ya kukaushia nguo
mpaka Arizona, ambako shati likianikwa
hukauka kabla hujarudi ndani kuchukua la pili,
hilo bado limenikaa kooni kama mwiba.

Umeniachia soketi tupu ukutani.
Macho mawili wima, kunyanzi moja la paji,
mdomo wa duara: uso wa mtu
aliyetajiwa bei.
Theluji ya Hancock imepanda hadi dirishani
na kila nikipita na kapu langu unanitazama,
nami nauambia, usiniulize mimi.

Juzi nikaenda kwa Delphine, duka la vyuma.
Nataka kushona pale, nikamwambia. Jezi za vijana wa hoki
zinachanika viwiko. Dada alizikausha, mimi nitazitia viraka.
Ila cherehani inataka volti mia na ishirini
na ukuta unatoa mia mbili na arobaini.
Akacheka: zipo nchi, Aune, ambako hiyo ndiyo ya kuchemshia chai.

Mkononi nilishika adapta ya dola kumi na tisa. Akaninyang'anya.
"Hii inabadili sura ya tundu, haibadili tabia.
Breka yako ni ya ampea thelathini. Waya mwembamba wa cherehani
utaiva kama soseji, na breka bado imelala."

Basi nikashuka chini, nikazima swichi kuu.
Nyumba ikakata kauli. Friji, saa, feni ya tanuri.
Zilibaki hai nyaya mbili nene za juu
ambazo Delphine aliniapisha nisizisogelee.
Nikapima kwa testa. Nikapima tena.
Umeme hauna udugu.

Nikafungua skrubu, nikauvuta ule mshangao,
na nyuma yake, dada, tulikuwa sisi.
Mweusi na mwekundu, unene mmoja,
wamelala bega kwa bega tangu baba alipowapitisha.
Kila mmoja na mia na ishirini yake,
ukimpima na yule mweupe.
Ni baina ya hao wawili tu,
mmoja akipanda mwenziwe akishuka,
ndipo ilipopatikana nguvu ya kukausha jezi kumi na nane
kabla ya mechi ya Ijumaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, najua.
Lakini mimi sina chawa, nina viwiko.

Breka ya thelathini, ile pacha, nikaing'oa,
nikaweka ya ishirini, ya mpweke.
Mweusi ni mnene, hakukubali kupinda kwenye skrubu;
nikamuunga na kipande chembamba, akatulia.
Mweupe upande wa fedha. Yule wa shaba, uchi,
kwenye skrubu ya kijani.

Mwekundu sikumkata.
Delphine alisema mfupishe, atakujazia kisanduku.
Nimemvisha kofia, huku na kule,
nikamkunja polepole hadi nyuma.
Ni mrefu vilevile. Mzima. Hana moto.

Nilipowasha, taa ya cherehani ilipepesa mara moja,
nikaruka kama mtoto, nikajicheka peke yangu,
kisha nikashona kiwiko cha namba kumi na saba.
Mshono umepinda. Atacheza nao hivyo hivyo.

Ukimchoka Leland na jua lake
rudi, na mashine urudi nayo.
Ile kofia hufunguka kwa vidole tu,
ukizungusha kushoto.